Faili Lililokatikia Ndani ya Mzizi wa Jino: Kwa Wanaoanza Kazi

Ninyi mnaokuja Tanga kuanza kazi katika tiba ya kinywa na meno mtaulizwa mapema, pengine na mgonjwa mwenyewe, kama kipande cha faili, yaani kifaa chembamba cha metali cha kusafishia mfereji ulio ndani ya mzizi, kilichokatikia humo kinaweza kuyeyushwa kwa umeme badala ya kuchokonolewa. Maabarani kinayeyuka, ila njia hiyo bado haijawa tiba ya kawaida ya kumfanyia mgonjwa kitini.

Watafiti wa Brazili walichapisha wazo hili mwaka 2010, wakitumia mafaili ya nikeli na titani. Elektrodi mbili, yaani vipitishio vya umeme, hutiwa katika mmumunyo wa chumvi, na ile iliyounganishwa na upande chanya wa umeme hugusishwa na kipande, nacho hupoteza elektroni na kuachia ioni za metali mpaka kipungue. Aliyefanya kazi bandarini anajua vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya meli ili viliwe na maji ya bahari badala ya chuma; sisi tunataka kiliwe kipande cha faili.

Mmumunyo hufuata metali. Titani hujifunika utando mgumu wa oksidi ambao floridi huushambulia, ndiyo sababu floridi ya sodiamu ilichanganywa na kloridi ya sodiamu. Chuma cha pua, ambacho kinga yake ni oksidi ya kromi, hutobolewa na kloridi.

Ugumu wenyewe uko kwenye mgusano. Ncha inayoguswa ndiyo huliwa kwanza, na ikishaliwa umeme hukatika, kwa hiyo elektrodi lazima isogezwe kidogo kidogo katika mfereji ambao jicho halioni mwisho wake. Elektrodi hiyo ifunikwe kihami, kitu kisichopitisha umeme, isipokuwa nchani, kwani ikigusa taji la metali, taji ndilo litakaloanza kuliwa. Mapovu ya haidrojeni yanayotoka kwenye kathodi, elektrodi ya upande hasi, nayo huziba nafasi ambayo tangu awali ni finyu.

Jizoezeni kwa meno yaliyong'olewa. Kabla ya yote pimeni faili lililobaki mkononi: likiwa la milimita 25 na zimebaki 21, kipande kina milimita 4, na picha ya eksirei itawaonyesha kimelala wapi.

Kwa mgonjwa, mimi hupendelea kwanza kujaribu kupita kando ya kipande kwa faili jembamba la mkono. Mtetemo wa ultrasoniki hukitoa mara nyingi, lakini hula dentini, sehemu ngumu ya ndani ya jino, na kudhoofisha mzizi, hasa kipande kikiwa karibu na ncha ya mzizi. Mfereji ukiwa umeshasafishwa vizuri na hakuna uambukizo, kukiacha, kuziba na kufuatilia kwa eksirei ni uamuzi halali. Umeme ungeokoa dentini hiyo, lakini kwanza ithibitishwe kwamba nikeli na floridi havivuji kupita ncha ya mzizi na kudhuru tishu. Vyovyote mtakavyoamua, mwambieni mgonjwa siku hiyohiyo kwamba kipande kimo, na mwandike katika jalada lake urefu wake na mfereji kilimo.