Maswali na Majibu: Boksi Kwanza, Wati Baadaye

Shikamoo fundi. Nimenunua amplifaya iliyoandikwa wati 3,000, lakini sauti yake haifikii hata ya redio ya zamani ya baba. Je, nimeibiwa? (Tabora)

Marahaba, mwanangu. Igeuze nyuma usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Kama kinasema chombo kinatumia wati 60, hesabu imekwisha hapo, kwa kuwa hakuna amplifaya inayoweza kutoa nguvu kuliko ile inayoingia kutoka ukutani. Herufi PMPO (eti nguvu ya kilele cha muziki) zinazofuata ile namba kubwa hazifungamani na kipimo chochote kinachokubalika, na kila mtengenezaji hujipigia hesabu apendavyo. Namba ya kuaminika ni ile ya wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huitoa mfululizo, iliyoandikwa pamoja na omu (ukinzani) za spika na kiwango cha upotoshaji wa sauti.

Jambo hili nimeliandika mara nyingi, na nitalirudia maadamu watu wanaendelea kuuziwa namba. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kushtuka. Spika yenye usikivu (ukubwa wa sauti inayoitoa kwa nguvu ndogo) wa desibeli 93 kwa wati 1, ukiisikiliza kwa umbali wa mita 1, ikipewa wati 10 italia sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Kwa hiyo, mtu anayeingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue na kuuliza wati kabla ya kuuliza usikivu wa spika ameanza safari kwa kupotea njia.

Nina wufa (spika ya besi) ya inchi 8. Naomba vipimo vya boksi. (Arusha, Kisumu, Bukoba na wengine wengi)

Nawaomba wasomaji wangu waache kuniletea swali hili likiwa hivi lilivyo. Inchi 8 ni kipimo cha umbo, nacho hakisemi lolote kuhusu boksi. Wufa mbili za inchi 8 zilizowekwa mezani pamoja zinaweza kuhitaji moja lita 15 na nyingine lita 50. Kinachoamua ni namba tatu: Fs, ambayo ni masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani hezi) ambapo koni hutikisika kwa urahisi zaidi ikiwa nje ya boksi, Qts, inayoonyesha jinsi sumaku na kitambaa cha koni vinavyouzuia mtikisiko huo, na Vas, yaani ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa kitambaa hicho. Hesabu zake zipo tangu Neville Thiele wa Australia alipozichapisha mwaka 1961 na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo leo hakuna sababu ya mtu kukata mbao kwa kukisia.

Chukueni mfano wa wufa yenye Fs ya hezi 35, Qts ya 0.4 na Vas ya lita 40, tunayotaka kuiweka kwenye boksi lililozibwa na kupata Q ya mwisho (ile ya wufa ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707, ambayo hutoa besi iliyonyooka bila kuvimba. Gawanya 0.707 kwa 0.4, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, nawe utapata takriban 2.12. Lita 40 ukizigawanya kwa 2.12 zinakuwa karibu lita 19, na besi itaanza kushuka kwenye hezi 62. Ndani ya boksi, sentimita 22 kwa 24 kwa 36 zinatosha lita hizo, ila ongeza kidogo kwa ajili ya nafasi inayoliwa na sumaku na vigingi vya kuimarisha.

Kama wufa yako haina karatasi ya vipimo, anza kwa kutafuta Fs mwenyewe. Ining'inize mbali na meza, iunganishe na amplifaya ndogo kupitia rezista ya omu 100, cheza milio ya masafa mbalimbali kutoka kwenye simu, kisha pima volti za AC kwenye ncha za wufa. Pale volti zinapopanda kileleni ndipo Fs ilipo, na koni yenyewe utaiona ikicheza zaidi.

Boksi likikamilika, sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vyote kisha uiachie: katika boksi lisilovuja hurudi polepole, kama iliyoshikwa na kitu laini. Mimi huongeza jaribio la kijiti cha udi. Nacheza mlio wa hezi 40, nasogeza kijiti kinachofuka kwenye kila kiungo, na palipo na upenyo moshi hukatikakatika. Nimewahi kuliona boksi zuri la MDF ya milimita 18, lililopakwa vanishi mara tatu, ambalo besi yake yote ilikuwa inatokea kwenye tundu la waya. Gundi ya shilingi chache ilifanya kazi ambayo amplifaya mpya isingeweza kuifanya.

Je, waya wa spika wa bei kubwa unaboresha sauti? (Zanzibar)

Hapana. Nunua waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5, ambao kwa umbali wa mita 5 kwenda na kurudi una ukinzani wa takriban omu 0.12 tu. Kwanza, hata hivyo, ukwangue kwa kisu, kwa sababu unaouzwa kwa wingi siku hizi ni alumini iliyopakwa shaba, na weupe wake hujitokeza mara moja.

Chipu yangu ya amplifaya, LM3886, iliungua siku ya kwanza ingawa niliufuata mchoro. Nilikosea wapi? (Nakuru)

Kuna mawili. La kwanza ni kwamba huenda haikuwa LM3886. Chipu hii inaigwa sana kwa sababu inapendwa, na bei ikiwa sehemu ndogo tu ya bei ya wauzaji wanaojulikana, elewa kwamba unanunua maandishi yaliyopigwa juu ya kitu kingine. Mimi pia niliwahi kuuziwa nne. Ya kwanza ilipolipuka niliibana kwenye jiliwa nikaipasua, nikakuta kipande cha silikoni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha chipu halali niliyoitoa kwenye amplifaya iliyokufa.

La pili ni kosa la fundi. Bati la mgongoni la LM3886T limeunganishwa ndani na umeme hasi, hivyo ukilifunga kwenye bati la kupozea lililogusa kasha bila kuweka karatasi ya maika na kizuizi cha skrubu, umeifanyia shoti kabla hata ya muziki kuanza. Ile inayoishia na TF imefunikwa plastiki na haina shida hiyo. Tena, kwa spika za omu 4, usivuke volti 28 kila upande, chanya na hasi, na mara ya kwanza washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo: ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima, kuna kosa.

Amplifaya niliyoitengeneza inavuma nikiunganisha televisheni. Jirani ameniambia nikate waya wa ethi (ule wa ardhini). (Mombasa)

Usikate, na kama umeshakata, urudishe leo kabla hujaiwasha tena. Transfoma ikivujisha umeme kwenye kasha la chuma, waya huo ndio unaofanya fyuzi ikatike. Usipokuwepo, njia ya umeme ni mkono wa mtoto atakayegusa kitufe cha sauti. Niliwahi kupigwa na amplifaya iliyokatwa ethi na mtu aliyetaka kuondoa mvumo, na ganzi ya mkono ilinikaa mpaka jioni. Sitaki mwingine ajifunze kwa njia hiyo.

Mvumo wenyewe unatafutwa hivi. Chomoa nyaya zote za kuingizia sauti. Ukiendelea, na ni wa hezi 100, kapasita za umeme ni ndogo au zimechoka, au waya wa graundi wa umeme unapita njia moja na ule wa sauti. Ukikoma, kama ninavyodhani utakavyokoma kwako, vyombo viwili vimeunda mzunguko kupitia ethi au waya wa antena. Vichomeke kwenye soketi moja, na mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Ninaanza. Nitengeneze amplifaya gani? (Dodoma)

Bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 na chaja ya kompyuta ya volti 19. Kwa spika za omu 8 utapata takriban wati 20 kila upande, na hutashika umeme wa ukutani kabla hujajua unachokifanya. Pesa zitakazobaki ziende kwenye spika.

Spika zangu zililia vizuri kwa fundi, lakini nyumbani besi inaunguruma sehemu moja na kupotea nyingine. Ninunue ikwalaiza? (Morogoro)

Bila shaka chumba chako ni futi 12 kwa 12. Chumba cha mraba chenye kipimo hicho huvimbisha masafa ya karibu hezi 47 kwa urefu na kwa upana kwa pamoja, ambayo hujaa kwenye kuta na pembe na kutoweka katikati. Ikwalaiza haiwezi kurudisha katikati ya chumba sauti ambayo kuta zimeifuta.

Weka spika moja juu ya kiti unachokalia, cheza wimbo wenye besi unaoufahamu vizuri, kisha piga magoti na utembeze sikio kando ya ukuta, kwenye kimo ambacho spika itasimama. Ukifika mahali ambapo kila noti ya besi inasikika kwa nguvu moja, tia alama ya chaki sakafuni. Spika ikae hapo, na makochi yahame kuipisha.