Gauni la kitenge la bibi harusi: kabla hujashika mkasi

Bibi harusi akija na kitenge akasema hataki shela jeupe, kitandaze mezani kabla hujampa bei. Ndege wote wanatazama upande mmoja? Maua yana shina na kichwa? Hapo hesabu inabadilika.

Chukua sketi ya mapande sita, kiuno sentimita 74, urefu 105. Pamoja na mishono, kila pande linatoka kama 15 juu na 63 chini; urefu kata 110 upate pindo. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115. Ua lisilo na mwelekeo unaligeuza kichwa chini, mapande mawili yanakaa kwenye upana mmoja, na mita 3.3 zinatosha. Ndege hawageuzwi: kila pande linachukua upana wake, sketi peke yake inameza mita 6.6. Mabaki ya ubavuni ndiyo kifua na mikono, usiyatupe. Ongeza nusu mita, maana kitambaa hurudi kikilowa. Ukikosea hapa, mteja atarudi dukani akute jora limekwisha, na jora jipya la ua lile lile huwa na rangi iliyopishana kidogo. Kinachotoka Kariakoo kiagize mwezi mzima kabla. Barabara ya pwani ya kutoka Dar es Salaam kuja Mtwara ilikatika Somanga Mei 2024, na harusi haisubiri basi.

Loweka kitenge chote, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukate. Kisha sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya nyekundu na buluu. Kikitoka na rangi, usiunganishe kitenge hicho na satini nyeupe. Jasho la makwapa la Mtwara mwezi Januari litaihamisha rangi kabla picha hazijapigwa. Kwa sababu ya joto hilo hilo, bitana iwe pamba nyepesi; ya nailoni inateleza vizuri lakini inagandia mwilini.

Kazi kubwa ni kifua. Kishone kwanza kwa marikani kama jaribio, mvalishe, weka alama kwa penseli, kisha mketishe mkekani. Gauni linalomkaa vizuri akiwa amesimama huweza kufumuka mgongoni akikunja miguu, au likampanda hadi kidevuni. Mpime nyonga akiwa ameketi, na ukatie kipimo hicho. Mishono ya ubavuni ya kifua iachie sentimita 2.5, maana bibi harusi hunenepa au hupungua hadi wiki ya mwisho.

Zipu ya kujificha itiwe kabla hujafunga mshono wa nyuma, na chini yake piga pasi utepe mwembamba wa gamu, yaani kitambaa chenye gundi inayoshika kwa joto. Bila gamu kitambaa kinavutika chini ya mguu wa cherehani, zipu inapata mawimbi ambayo pasi haiyatoi.

Uliza pia siku ya hina. Hina mbichi ikigusa kitenge haitoki, kwa hiyo jaribio la mwisho lifanyike kabla yake.