Maswali ya Wasomaji: Siku Imekwenda Wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mhasibu wa shule moja ya binafsi, na pia ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu. Mwaka huu nimeingizwa katika kamati mbili za harusi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa mbili usiku, na nikipanda kitandani naona kama sijafanya lolote la maana, ingawa sijapumzika hata kidogo. Rafiki yangu amenishauri nitenge muda wa kukaa kimya na kutafakari. Je, mtu asiye na muda atautoa wapi muda mwingine? Isitoshe, tumepanga vyumba viwili, na redio ya jirani haizimwi hadi saa sita usiku.

Mama wa Watatu, Morogoro

Jibu

Marahaba, mama. Rafiki yako hakukosea, ila amekupa nusu ya ushauri. Kukaa kimya peke yake hakumrudishii mtu saa zake. Wengi wetu tukikaa kimya huanza kuwaza: ada ya muhula ujao, maneno ya shemeji, bei ya mchele, kisha ada tena, na mwishowe tunainuka tumechoka kuliko tulivyokaa. Anayetafakari juu ya matumizi ya muda wake huwa na swali moja tu, huipitia kwa swali hilo siku iliyokwisha, saa baada ya saa, na haondoki pale alipoketi kabla hajaamua jambo moja kuhusu siku inayofuata. Asipofikia uamuzi, amepumzika. Hilo nalo ni jema, lakini silo uliloniuliza.

Desturi hii ni kongwe, na watu wa dini wameifanyia kazi kwa makini kuliko washauri wa biashara wanaoiuza siku hizi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi mtu awekeane masharti na nafsi yake, mchana kutwa aichunge, na jioni aketi nayo kuhesabu faida na hasara, kwa kuwa mtaji wenyewe ni umri wake. Wewe uliye mhasibu utaona upesi kwamba hesabu ya jioni haifungiki ikiwa asubuhi hapakuwa na makubaliano yoyote ya kuilinganisha nayo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa mwaka 1548, naye alitaka mtu akusudie jambo aamkapo, kisha ajichunguze baada ya chakula cha mchana na baada ya kile cha usiku. Katika uchunguzi wa siku nzima alitanguliza shukrani kabla ya makosa. Mpangilio huo naupenda hasa kwa mtu aliyechoka kama wewe, maana anayeanza na makosa saa tatu usiku hatafika mbali. Atajilaumu kidogo, kisha atalala.

Sasa tuitazame siku yako moja, ile ya kikao cha kamati. Nimekaa katika kamati za kutosha kuijua. Kikao kimeitishwa saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti amefika saa kumi na mbili na robo, mweka hazina saa moja kasoro, na ajenda ya kwanza ni kusoma orodha ya ahadi za watu ambao hawakuhudhuria. Yakafuata mabishano kuhusu rangi ya sare. Saa moja na nusu suala la ukumbi halijaguswa, na mnaahidiana kukutana tena Alhamisi. Ukifika kwenye saa hizo katika kuipitia siku yako, jiulize hivi: kama ningeombwa upya leo kuzitoa saa hizi mbili na nusu, kwa jambo hili hili, ningezitoa?

Nimelichagua swali hilo kwa makusudi, kwa sababu lile la kawaida, yaani nimekamilisha kazi ngapi, hupotosha. Chukua siku uliyoshinda msibani ukiosha sufuria na kukaa na mfiwa. Katika hesabu ya kazi zilizokamilika siku hiyo ni sifuri, lakini ukiulizwa upya ungekwenda tena bila kusita, na kwa hiyo muda ule haukupotea hata dakika. Kuna jioni nyingine ambapo umejibu ujumbe wote wa kikoba, umepanga risiti na umepiga simu nne, na bado ukiulizwa kwa haki utasema kwamba nusu ya hayo mwanachama mwingine angeweza kuyafanya. Nadhani uchovu wako unatoka hapa. Saa zako nyingi hukuzitoa wewe. Ziliombwa mbele za watu, nawe ukaona haya kukataa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ninaotarajia uufikie ni kutoka katika kamati moja kati ya hizo mbili. Kuchangia harusi ya jirani ni wajibu, na sitakushauri uukwepe. Kuketi kamatini kila wiki ni hiari, ijapokuwa tumezoea kuvichanganya. Usiage kupitia kundi la WhatsApp. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti, ukiwa na mchango wako mkononi, umweleze kwamba watoto wanakuhitaji jioni, na umwahidi kazi moja yenye mwisho, kwa mfano kuhakiki mahesabu baada ya sherehe. (Sijawahi kusikia harusi iliyoahirishwa kwa sababu kamati ilipungukiwa na mjumbe mmoja.) Dakika za kutafakari ulizosema huna zitatoka hapo, na nyingi zitabaki.

Kuhusu mahali, usishindane na redio ya jirani. Una ofisi. Ukishafunga vitabu vya siku, funga na mlango, zima data ya simu lakini simu yenyewe iache wazi ili watoto wakupate, kisha ukae dakika kumi na daftari dogo. Andika saa za siku upande mmoja, na upande wa pili uandike "ningetoa" au "nisingetoa". Fanya hivyo kabla ya kutoka, kwa maana ukishapanda daladala siku yako imekuwa ya watu wengine. Waambie pia walio nyumbani kwamba una desturi hii. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, ameandika kwamba aliipitia siku yake yote usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, kwa kuwa mkewe aliijua desturi hiyo. Mtu asiyeambiwa ataendelea kukuita kila dakika mbili, na hutakuwa na haki ya kumkasirikia.

Swali

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mlinzi wa usiku. Kimya ninacho tele, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini sioni faida yake. Nikirudi nyumbani nalala hadi saa nane mchana, na siku imeshapotea. Nifanyeje?

Mlinzi, Mombasa

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kimya chako kimeajiriwa. Sikio lako liko langoni, na hupaswi kuzama katika fikira zako wakati umelipwa ukae macho. Aidha, saa nane usiku si wakati wa kuyapima maisha, kwani usingizi ukikukaba kila jambo huonekana baya kuliko lilivyo. Subiri ukabidhi zamu. Kabla ya kushika njia ya nyumbani, keti mahali kwa dakika chache, uamue jambo moja tu: saa moja kati ya zile utakazokuwa macho mchana itakwenda kwa nani au kwa kazi gani.

Usingizi wako usiuhesabu kuwa siku iliyopotea, kwa sababu huo ndio usiku wako. Siku yako inaanza saa nane mchana, na ukiondoa kuoga, chakula na safari ya kazini, zinabaki kama saa mbili. Hizo ndizo za kuzitafakari. Zikiwa zinaishia barazani kila siku, na wewe ulikusudia kumfundisha mtoto hesabu au kumtembelea mama yako, kesho asubuhi likumbuke hilo na uitaje saa upya. Zikipita wiki mbili na saa hiyo bado inakwenda barazani, basi huenda baraza ndilo unalolihitaji baada ya usiku mzima wa upweke. Nenda huko bila kujilaumu, na mtoto umtafutie siku yako ya mapumziko.