Soma Hata Pale Ambapo Hukupachagua

Mama mmoja mzee alinishika mkono mlangoni baada ya ibada, akaniuliza, "Mchungaji mwanangu, hivi Biblia yako ina vitabu vingapi? Maana sisi huku nyuma tunasikia Wafilipi tu."

Nikacheka naye, lakini nilipofika nyumbani nikalitoa daftari la mahubiri. Kweli bwana. Somo la kalenda liwe Kutoka, liwe Hosea, mimi nilikuwa fundi wa kuzunguka zunguka mpaka nitue Wafilipi 4. Na sababu niliijua. Miezi kadhaa nilikuwa nafungua Biblia Ijumaa usiku tu, natafuta cha kusema Jumapili. Mtu anayefungua kabati mbio mbio huvaa shati lile lile lililo juu.

Sisi wa Kanisa la Moravian hatukupaswa kuwa na tatizo hili. Tarehe 3 Mei 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wetu wa mwanzo, Zinzendorf, aliwapa ndugu zake wa imani mstari mmoja wa Biblia wa kuishi nao siku ile, na desturi ikaota mizizi. Kuanzia mwaka 1731 mistari ya mwaka mzima ikawa inachapwa kitabu. Mpaka leo ule wa Agano la Kale huokotwa kwa bahati nasibu, kisha wa Agano Jipya hutafutwa uendane nao. Wamisionari waliofika huku kwetu Rungwe, Tanzania, mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo. Nilikulia ndani yake, baba akisoma Neno la siku kabla ya uji, na bado nilifika uchungaji bila kuelewa faida yake: unapewa neno ambalo hukujichagulia. Mhubiri ana hatari ya pekee, kwamba anajua kuchagua.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Huku kwetu alfajiri ni ukungu na baridi, kwa hiyo nawasha jiko kwanza, naweka chai, nakaa jikoni. Simu inabaki chumbani. Nasoma Neno la siku, halafu sura tatu mfululizo kuanzia pale nilipoweka alama jana, kwa sauti, ile Biblia ya Union Version ya 1952 yenye jalada nililolibandika plasta. Nikikwama kwenye neno nachungulia tafsiri ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi. Biblia ina sura 1,189, hivyo kwa mwendo huo naimaliza kwa miezi 13 hivi. Wapo wenye mbio kuliko mimi. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Uskoti, aliwapangia washirika wake mwaka 1842 sura nne kila siku, ili kwa mwaka wapite Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Nilijaribu. Nilifika Machi.

Kilichoniangusha Machi ni kulipa madeni. Nimeruka siku mbili kwa sababu ya msiba, siku ya tatu nataka kusoma sura 12, nachoka, naacha kabisa. Siku hizi silipi. Nikiruka, naendelea pale penye alama.

Sasa, kusoma kwa mfululizo kuna mahali panachosha, tusidanganyane. Hesabu 7 ina mistari 89. Wakuu 12 wa Israeli wanaleta sadaka, kila mmoja siku yake, na sadaka zote ni sawa: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, na vingine vyote vile vile. Anaanza Nashoni wa Yuda, yote yanatajwa. Kesho yake mwingine, yote yanatajwa upya. Kufika wa tano chai ilikuwa imepoa, na mimi nimeanza kuruka mistari kwa macho.

Hapo nikakumbuka sikukuu moja ya mavuno. Tulikuwa tumechelewa, mvua inanukia, nami nikisoma majina ya waliotoa. Nikafika katikati ya karatasi nikasema "na wengineo, Bwana awabariki," nikakunja. Jamani! Wiki mbili nilizunguka nyumba za watu nikiomba radhi. Mmoja alikuwa ameleta mkungu mmoja wa ndizi, kaubeba kichwani kutoka bondeni, na jina lake lilikuwa la pili kutoka mwisho.

Nikarudi kwa yule mkuu wa tano, nikasoma taratibu mpaka Ahira wa Naftali, siku ya kumi na mbili. Hesabu 7 haina "na wengineo". Kamwe nisingeifungua sura hiyo Ijumaa usiku.

Baada ya kusoma naandika mistari mitatu minne kwenye daftari dogo, tofauti na lile la mahubiri, kisha naomba. Kwa maombi namfuata Martin Luther, yule mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, alivyomwandikia kinyozi wake Petro mwaka 1535: lichukue neno ulilosoma ulisokote kamba ya nyuzi nne, yaani linanifundisha nini, nashukuru nini, natubu nini, naomba nini. Alimwambia pia kwamba kinyozi mzuri macho yake yako kwenye wembe. Ndiyo maana simu iko chumbani.

Usiku nasoma vingine, kurasa kumi au ishirini, na si vya dini tu. Vitabu vya teolojia ni ghali, tunabadilishana na mchungaji wa ushirika jirani. Lakini pia nasoma habari za bei ya chai, magonjwa ya ndizi, historia. Washirika wangu wanaamka na hayo.

Mavuno yaliyofuata nilihubiri Hesabu 7, kisha nikasoma karatasi ya majina yote, mvua ikipiga bati hadi nikalazimika kupaza sauti. Yule mama mzee akapita mlangoni akiwa amejitanda khanga kichwani.

"Leo umefika mpaka wa mwisho," akasema, akaingia mvuani.