Viputo kabla ya kuta

SWALI: Salaam, dada msanifu. Nachora ramani hapa Masindi, Uganda. Nimepewa kazi ya kukipandisha kituo cha afya kutoka ngazi ya pili hadi ya tatu, na mwenye mradi anataka kuziona kuta wiki hii hii. Chuoni tulifundishwa mchoro wa viputo, ambao kila chumba ni duara na mistari huonyesha vyumba vinavyohusiana, ila mimi naukisia tu. Takwimu za kuujenga nizipate wapi? – Msomaji, Masindi

JIBU: Ndugu yangu, zimo kwenye rejista za kituo chenyewe. Mwombe msimamizi ruhusa ya kuhesabu, na usinakili jina la mgonjwa yeyote. Chukua wiki moja ya mvua, malaria inapopanda, na nyingine ya kiangazi. Ila ngazi ya pili imepangiwa watu wapatao 5,000 wa parishi, na ya tatu 20,000 wa sabukaunti, kwa hiyo rejista ya zamani peke yake itakudanganya. Maabara na wodi ya wazazi kahesabie kituo jirani ambacho tayari ni cha ngazi ya tatu.

Kwenye ukubwa, wengi huchanganya eneo na kipenyo. Kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya jengo, chumba cha tabibu cha mita za mraba 12 ni kiputo cha kipenyo cha sentimita 3.9. Sehemu ya kusubiri ya mita za mraba 48 ni kubwa mara nne, lakini kipenyo chake ni 7.8, mara mbili tu. Hizo 48 zinapatikanaje? Tuseme asubuhi wanaingia watu 16 kila saa, wasindikizaji wakiwemo, na kila mmoja anakaa muda wa saa mbili. Wakati wowote utawakuta watu 32. Mpe kila mtu mita ya mraba moja na nusu. Hapa sikubali kupunguziwa hata kidogo, maana baraza ikikisiwa, anayeachwa juani ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa.

Unene wa mistari utokane na safari. Mwenye homa anatoka kwa tabibu kwenda maabara, anarudi kwa tabibu, ndipo aende dirisha la dawa. Njia ya maabara ameipita mara mbili, basi mstari wake uwe mnene maradufu. Weka na namba hasi kwa sehemu zisizopaswa kukaribiana: anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu asiketi benchi moja na wajawazito. Utengano huu husahaulika mno.

Kuna mahali hesabu haitoshi. Mama anayevuja damu na kuhitaji gari la wagonjwa huenda akawa mmoja kwa wiki nzima, na mstari wa kutoka chumba cha kujifungulia hadi getini utatokea mwembamba kama uzi. Unenepeshe mwenyewe.

Jedwali la Excel linatosha kwa kazi yote hii. Likishakamilika, kata viputo kwenye karatasi ngumu, uvipeleke kwa mkunga na mtu wa maabara wavisogeze mezani wenyewe. Wakikubaliana, geuza jengo ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwani huku kwetu karibu na ikweta jua kali ni la mashariki na magharibi. Mwenye mradi mwonyeshe kwanza kiputo cha kusubiri kikiwa kando ya kile cha tabibu, halafu ndipo mzungumzie kuta.