Maswali ya Wasomaji: Kupima Urefu wa Nyota

SWALI: Nimetengeneza kipimo cha nyota kwa kipimapembe cha shule, uzi na nati. Nikipima urefu wa nyota ileile, yaani pembe yake juu ya upeo wa macho, mara tatu mfululizo, majibu yanapishana hata nyuzi mbili. Watu wa kale hawakuwa na darubini. Walifikaje kwenye dakika za pembe, yaani sehemu za 60 za nyuzi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Chombo chako ni kidogo mno. Kwenye nusu kipenyo cha sentimita 5, nyuzi moja haifiki hata milimita moja ukingoni. Tazama tundu ulikofunga uzi: fundo likihama milimita 2 tu humo ndani, tayari umekosea zaidi ya nyuzi mbili.

Dawa ya wakale ilikuwa kujenga vikubwa. Ulugh Beg, mtawala na mwanafalaki wa Samarkand (Uzbekistan ya leo), miaka ya 1420 alijenga tao la nusu kipenyo cha mita 40 hivi. Hapo nyuzi moja ina sentimita 70, na dakika moja inazidi sentimita 1. Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, karne ya 16, alikuwa na tao la ukutani la mita 2 hivi, ambapo dakika ni kama milimita 0.6. Ili aweze kuisoma, alichora nukta za mshazari kati ya alama na alama.

Wewe plaiwudi inakutosha. Chora robo duara ya nusu kipenyo cha sentimita 60. Nyuzi moja itakuwa milimita 10.5. Usirefushe mistari ya kipimapembe cha shule kwa rula, maana utarithi makosa yake yote. Anza na bikari: ukiiacha wazi kwa nusu kipenyo kilekile, inakata nyuzi 60 kamili, gawa mara mbili upate 30, kisha 15. Uzi uning'inie kwenye sindano nyembamba iliyochomwa kitovuni hasa. Badala ya nati tumia timazi ya fundi mwashi, uizamishe kwenye ndoo ya maji ili upepo wa baharini usiiyumbishe.

Kijaribu tarehe 20 Machi, kuanzia saa sita na robo mchana. Usilitazame jua, kwenye matundu mawili ya kulengea yaliyo ukingoni mwa chombo, acha mwanga upite la juu uangukie la chini. Soma mara kwa mara, uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Dar es Salaam kinapaswa kukaribia nyuzi 83, jua likiwa upande wa kaskazini. Nyota zilizo chini sana ziache: kwenye upeo wa macho hewa huziinua kama nusu nyuzi.

SWALI: Manahodha wa zamani nao walitumia timazi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Chomboni timazi haitulii. Walitumia kamali, kibao chenye uzi wa mafundo. Fundo hubanwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao hukaa kwenye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota. Kipimo chao cha pembe kiliitwa kidole; kwa mabaharia Waarabu wa karne ya 15, kama Ibn Majid, duara zima lilikuwa na vidole 224, kila kimoja takriban nyuzi 1 na dakika 36. Nyota ya Kaskazini huzama ukivuka ikweta, kwa hiyo kwenye mwambao wetu walipima nyota nyingine.