Jinsi ya Kuipata Faili ya Mirathi Iliyofunguliwa Kinyemela

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kitui aliniandikia akieleza kwamba kaka zake wamegawana shamba la marehemu baba yao, hati miliki mpya zimeshatoka, na kila anapouliza kesi ilifunguliwa lini na wapi anajibiwa kwamba mambo hayo yalikwisha zamani na kwamba binti aliyeolewa haruhusiwi kuiona faili. Hilo si kweli hata kidogo. Maneno hayohayo tuliambiwa mimi na mama yangu kuhusu shamba la babu huko Makueni, na leo faili ile naijua ukurasa kwa ukurasa. Mwaka jana mahakama iliibatilisha hati ya usimamizi iliyotolewa humo, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu, na ninaona fahari kusema kwamba kazi ya kuitafuta niliifanya mwenyewe kabla hatujamlipa wakili shilingi moja.

Jambo ninalotaka kila msomaji alishike ni kwamba mirathi inayopitia mahakama za Kenya haiwezi kufanywa kwa siri kabisa. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, maombi ya kusimamia mali ya marehemu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kulipeleka mahakamani. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa. Kijijini kwetu sijawahi kumwona mtu akilisoma, na wajomba zangu walilijua hilo vizuri. Lakini tangazo likishachapishwa halifutiki: lina jina la mahakama, namba ya kesi na mwaka wake, jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu, mahali marehemu alipoishi, mahali alipofia, na tarehe ya kifo. Matoleo ya miaka mingi yanasomwa bure mtandaoni, kwenye tovuti ya Kenya Law na pia kwenye Google Books, na ukiwa na simu yenye bando unaweza kuyapekua ukiwa umeketi nyumbani.

Kupekua huko kunahitaji subira, kwa sababu majina yetu huandikwa kila namna. Musyoka huwa Musioka, jina la ubatizo huachwa au huwekwa mwisho, na mzee aliyejulikana kwa jina la baba yake tu huingizwa kwa jina la kwenye kitambulisho ambalo hata wajukuu hawalijui. Nilipokosa jina la babu nilitafuta kwa jina la mjomba mkubwa kama mwombaji, kisha kwa jina la lokesheni, na hapo ndipo tangazo lilipojitokeza, likiwa katikati ya matangazo mengine ya mahakama ileile. Usiende mahakamani kabla ya kuipata namba. Mtu anayefika masjala bila namba humwachia karani aamue kama faili ipo au haipo, na mimi nimeona jinsi uamuzi huo unavyotolewa karani anapofahamiana na upande wa pili.

Gazeti likikataa kabisa, nenda ofisi ya ardhi. Omba upekuzi wa namba ya shamba, na ukiweza omba kuiona kadi ya kijani, ambayo huonyesha kila badiliko la umiliki tangu daftari lilipofunguliwa. Shamba lililohamishwa kwa njia ya mirathi huacha alama hapo, na mara nyingi namba ya kesi huandikwa kando ya jina la mmiliki mpya.

Kisha fikiri ni mahakama gani. Kaunti ya Makueni peke yake ina mahakama Wote, Makindu, Kilungu na Tawa, na kabla Makueni haijapata Mahakama Kuu yake, familia nyingi za huko zilifungua kesi Machakos. Thamani ya mali nayo ina usemi, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 inamruhusu hakimu mkuu kusikiliza mambo ya hadi shilingi milioni 20, na mahakimu wa vyeo vya chini viwango vidogo zaidi. Waislamu waliokubali mamlaka ya Kadhi watafute katika masjala ya Kadhi. Wafugaji nao wajue kwamba katika wilaya 12 za zamani, zikiwamo Narok, Kajiado, Samburu na Tana River, ardhi ya kilimo na mifugo ya mtu asiyeacha wasia hurithiwa kwa mila, kwa hiyo huenda ugawaji ulifanywa na wazee bila faili yoyote kufunguliwa.

Ukiwa na namba, andika barua kwa msajili au afisa mtendaji wa mahakama hiyo ukiomba kuipekua faili na kupewa nakala zilizothibitishwa. Taja namba, mwaka, jina la marehemu na uhusiano wako naye, ambatisha nakala ya kitambulisho na ushahidi wa undugu, na uhakikishe nakala yako ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao ulifikishwa katika mahakama zote nchini mwaka 2024, lakini kesi za zamani nyingi zimebaki katika makaratasi, na makaratasi hayo yanatunzwa na watu. Sisi tuliambiwa faili haionekani, tukaambiwa iko kwa hakimu, tukaambiwa tungoje. Ile barua yenye muhuri ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu niliiambatisha kwenye malalamiko niliyoyapeleka katika Ofisi ya Ombudsman wa Idara ya Mahakama, na baada ya hapo faili ikaonekana. Ikiwa kweli imepotea, unaweza kuomba mahakama iiunde upya kwa nakala walizonazo wahusika.

Hapa naomba unisome taratibu. Faili ikiwekwa mezani usiishie kwenye hati ya usimamizi iliyo juu. Tafuta fomu iitwayo P&A 5, ambayo ni hati ya kiapo inayotaja warithi wote na mali yote, kisha barua ya chifu inayowataja walioachwa na marehemu, kisha P&A 38, ambayo ni ridhaa ya warithi wengine kwamba mwombaji apewe usimamizi. Katika faili ya babu jina la mama lilikuwamo, limeandikwa mwisho baada ya wajomba wote, na mbele yake pameandikwa kwamba ameolewa. Kwenye fomu ya ridhaa, mahali pa sahihi yake, palikuwa na alama ya kidole gumba, wino wa zambarau umetapakaa hadi nje ya mstari. Mama yangu alifundisha ngumbaru kwa miaka mingi. Sahihi yake iko kwenye vyeti vya nusu ya wanawake wa kijiji kile. Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akauliza kidole kile ni cha nani, na hakuna aliyemjibu mpaka leo.

Nisingeacha kusema neno kwa mabinti wenzangu. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono ya mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapate kidogo kwa sababu wataolewa, na Katiba ya mwaka 2010 ikaja kukataza ubaguzi wa jinsia waziwazi. Haki hiyo haitakufuata jikoni. Ukinyamaza kwa kuogopa kuitwa mchoyo, mwingine atakuja kuweka kidole gumba kwa niaba yako. Wapo watakaokwambia kwamba kuiomba faili ni kuwatukana wafu, na jibu lake ni kwamba aliyewatukana wafu ni yule aliyeapa uongo kwa jina lao. Si kila faili ya familia iko wazi, bila shaka. Zile za watoto na za kuasili zinalindwa, na ndivyo inavyopasa. Ya mirathi ya mzazi wako si ya namna hiyo.

Ukigundua udanganyifu, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinakuruhusu kuomba hati ibatilishwe wakati wowote, ila usiuchukue huo kuwa ruhusa ya kukaa, kwa kuwa kifungu cha 93 kinamlinda mtu aliyenunua ardhi kutoka kwa msimamizi hata kama hati itabatilishwa baadaye. Peleka ombi la zuio, ili shamba lisiuzwe wala kuhamishwa, katika ofisi ya ardhi mara tu upatapo nakala zako. Sisi tulifanya hivyo siku ileile, na sehemu kubwa ya shamba ikasalimika. Kipande cha kando ya mto kilikuwa kimeshauzwa, na hicho hatukukirudisha.